Kunyanzi

Mimi ni fundi wa plasta, chumba cha mwisho
baada ya eksirei, mlango usiofungika vizuri.
Mikono yangu huwa myeupe kama ya mpishi wa mahamri,
na nusu ya kazi yangu, wengi hawajui, ni kungoja.

Bi Mwanashee aliletwa Ijumaa alasiri,
unga wa dengu ungali nyweleni.
Ngazi za Kibokoni zimesimama kama ukuta;
alikuwa anashuka na karai la viazi,
karai likatangulia.
Goti lilielekea Likoni,
kifundo kikaelekea Nyali.

Hapo hatukungoja. Hapo hapana subira:
ngozi imevutika hadi inang'aa,
vidole vimepoa, vina rangi ya zambarau.
Sindano ya usingizi mwepesi. Nikalikunja goti, nikalishika.
Daktari Mwakio akakamata kisigino kwa mikono miwili,
akavuta kama mtu avuaye kiatu
cha mtoto aliyelala.
Kikalia: ko.
Nikatafuta mshipa juu ya mguu.
Ukapiga. Ukakaa kimya. Ukapiga tena.
"Upo," nikasema, na ndipo nilipojua
kuwa na mimi sikuwa napumua.

Nikamwekea plasta ya nyuma tu, nusu gamba,
mbele pamba na bendeji ya kufunguka,
kwani mguu uliovunjika hufura usiku
na gamba zima humnyonga mwenyewe.

Lali, mwanawe, wa kreni za Kilindini,
alikuja moja kwa moja kutoka zamu, ovaroli mwilini.
"Mifupa mitatu imekatika, nanyi mwamlaza juu ya mito?
Sisi kontena likiegemea
hatuliachi mpaka wiki ijayo.
Au mwangoja pesa?"

Swali la haki.
Nimeona watu wakingojeshwa kwa ajili ya pesa,
na kungoja kule sikó huku,
ingawa kitanda ni kilekile.

Daktari akafungua bendeji. Malengelenge:
moja la maji, moja la damu, jingine lachungulia.
"Nikipasua leo, nitafunga na nini?
Ngozi hii, na sukari aliyo nayo, haitashika uzi.
Mfupa umesharudi nyumbani. Tuiache ngozi ipoe."
Lali akatazama sana. Hakujibu.
Akaenda kutafuta mto wa tatu.

Jirani akaleta chupa ya mafuta ya kukandia;
tukaiweka dirishani, ikaota jua bure.
Nami nilipofungua kinywa asubuhi ya tano
Bi Mwanashee akaniwahi:
"Usinambie subira yavuta heri, Nzai.
Hiyo huambiwa wasiofura."

Kisha akamwita mjukuu na kalamu ya wino mzito,
akamwamuru aandike nyuma, palipo pagumu:

*Ewe guu la kulia, punguza yako karaha,*
*Daktari hutulia, kisu hakina mizaha,*
*Karai lanililia, moto hauna furaha,*
*Kunja ngozi, sitolia, nirudi kwangu kwa siha.*

Siku ya saba, bado. Siku ya nane mvua,
na paa la wodi likavuja karibu na kitanda chake.
Siku ya tisa Daktari akaifinya ngozi kando ya kifundo
kwa vidole viwili, taratibu,
kama mtu anayejaribu kanga dukani.

Ikakunjika.
Mistari mitatu, minne, myembamba.

"Mwayaona makunyanzi haya?" akasema Bi Mwanashee.
"Miaka nayapaka mafuta yasije,
leo watu wazima wayapigia makofi."

Wakamwandika Jumatatu, wa pili, baada ya mtoto wa Changamwe.
Nusu gamba nililitoa mimi,
nikipitisha mkasi kando ya maandishi.
Lali akaliomba. Akaondoka nalo kwapani,
akipita mlangoni kwa ubavu ili lisivunjike:
umbo zima la mguu uliofura,
mguu ambao sasa haupo.